Soksi ya Mguu wa Kushoto

Jumatano, 9 Tahsas

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye maungamo: Bibi hamezi dawa zake.

Basi, nimeliandika. Nimechungulia mlangoni. Yuko uani anaanua shayiri, namsikia akigombana na kuku.

Hamezi tangu mfungo wa Krismasi uanze. Si kwamba anasahau. Kila alfajiri anashuka kwenye chemchemi ya Mariamu nyuma ya kanisa, ananawa na kunywa maji ya baraka. Huko wanawake wenzake wamemwambia maji yale hayataki kuchanganywa na vidonge. Ukichanganya, umemtilia Mungu shaka. Kwa hiyo ameweka nadhiri. Maji peke yake, mpaka sikukuu ya Ubatizo, ambayo huja baada ya Krismasi yetu ya tarehe 29 ya mwezi huu wa Tahsas! Vidonge vya kisukari amevizika ndani ya chungu cha dengu. Nilivikuta nikichota dengu za kupika.

Akaniona navyo mkononi. Hakukasirika. Heri angekasirika. Alikuja taratibu, akanishikisha msalaba wake wa shingoni, akasema, "Apa, Meklit."

Nikaapa kunyamaza.

Alisema Shangazi Tsehay akijua atambeba mpaka Amerika kama gunia la ngano, akamweke kwenye zile nyumba anakowaogesha wazee wa watu. Afie huko, kati ya watu wasiojua hata kumlilia. Shangazi Tsehay ni dada yake Baba. Anakuja Krismasi hii. Wote wanakuja, kwa sababu Bibi anatimiza miaka themanini.

Anatimiza, au karibu. Tarehe hakuna anayeijua. Alizaliwa mwaka wa baridi kali iliyoua kondoo, basi. Ni Shangazi aliyeamua kwenye simu kwamba siku ya kuzaliwa itakuwa Krismasi yenyewe, ili watu wawe likizo. Bibi aliniambia, "Umesikia? Nimezaliwa siku moja na Bwana, kwa amri ya Tsehay."

Nilicheka. Halafu nikakumbuka chungu cha dengu na kicheko kikakatika.

Jumamosi, 12 Tahsas

Leo jioni tulikunywa kahawa baada ya kufungua mfungo. Bibi alikaa kwenye kigoda chake, jiko la makaa miguuni. Nilikuwa nasoma. Nikasikia harufu kama ya unywele unaoungua.

Kaa la moto lilikuwa limeanguka juu ya kidole gumba cha mguu wake wa kushoto. Limekaa pale! Na yeye anamimina kahawa, ananisimulia habari za mbuzi wa jirani.

Nilipiga kelele. Alitazama chini kama anayetazama mguu wa mtu mwingine. Akalipangusa kaa kwa pindo la gauni. "Kelele za nini? Sijasikia kitu."

Hicho ndicho kinachoniogopesha. Hakusikia kitu.

Nilipaka siagi, nikafunga kitambaa. Alikunywa kikombe cha tatu, cha baraka, akanibariki nikue, nizae, nisome mpaka macho yachoke. Usiku huamka mara nyingi kunywa maji. Mtungi ninaoujaza jioni asubuhi ni mtupu.

Jumatatu, 14 Tahsas

Wakati wa mapumziko nimekwenda maktaba badala ya uwanjani. (Si ajabu, huwa naenda.) Nimesoma ile sura ya kongosho kwenye kitabu cha baiolojia ambayo hatujaifikia. Ni aya moja tu inayohusu miguu. Mishipa ya fahamu hufa kwanza. Kidonda hakiumi, kwa hiyo mtu hakitunzi. Halafu neno moja la kuoza ambalo sitaliandika hapa.

Mwalimu wa baiolojia alipita. "Meklit, umeshaanza kututangulia? Una swali?"

Nilikuwa nalo. Nikatikisa kichwa. Darasani ni vivyo hivyo: jibu ninalo, mkono hauinuki. Bibi hunitania, "Wewe mdomo wako uliumbwa kwa kulia chakula tu."

Jioni Shangazi alipiga simu. Alinong'ona kama mwizi, ingawa yuko ng'ambo ya bahari. "Meklit mwanangu, nipimie mguu wa Bibi yako. Kwa uzi tu, akiwa amelala. Nataka kumletea viatu! Vya ngozi, vyenye manyoya ndani, baridi ya huko kwetu Debre Birhan asiisikie tena. Usimwambie!"

Nikasema ndiyo, Shangazi. Nikasema ndiyo!

Nimepima mguu wa kulia. Wa kushoto sikuugusa. Umeanza kuvimba.

Jumamosi, 19 Tahsas

Siku ya Malaika Gabrieli. Kanisa lilijaa mpaka nje ya ukuta, mitandio mitupu, myeupe pe!

Wiki nzima nilikuwa nimekusudia: leo nitamwambia Aba Fisseha. Ndiye baba wa maungamo wa Bibi. Ndiye mtu pekee duniani anayeweza kumwambia Bibi yangu Askale "acha" na Askale akaacha. Mimi nimeapa nisimwambie Shangazi, nikajisemea. Padri si Shangazi. Nilijua najidanganya, lakini nilijidanganya vizuri.

Nikapanga mstari wa kubusu msalaba. Sentensi niliishika mdomoni kama sindano. Aba ni mtu mrefu, na sauti yake hata akinong'ona inasikika getini. Nikabusu msalaba. Akanitazama. "Binti wa Worku. Una neno?"

Nyuma yangu alisimama Bibi.

"Hapana, Aba. Naomba baraka."

Akanibariki. Kwa sauti kubwa. Njiani Bibi alinishika mkono kwa nguvu. Alikuwa anachechemea, na kila tukipita watu alinyoosha mwendo.

Jumanne, 22 Tahsas

Kuna harufu.

Bibi anafukiza ubani asubuhi, mchana, jioni. Siku zote alikuwa anafukiza wakati wa kahawa tu. Moshi umejaa mpaka madaftari yangu yananukia kanisa. Mama Alganesh, jirani yetu, ambaye ni mkuu wa chama chao cha akina mama wa Mariamu, alipita akasema, "Ee Askale, nyumba hii imekuwa mbinguni!" Bibi akacheka. Mimi nilikuwa najua ubani umewekwa kufunika nini.

Sasa anavaa soksi nyeupe za sufu, mchana na usiku. Anazivua gizani.

Ijumaa, 25 Tahsas

Baba amekuja! Amepata ruhusa ya wiki nzima. Tangu Mama afariki, maisha yake ni lori na barabara ya Djibouti, na mimi maisha yangu ni Bibi. Ameshuka kwenye lori na kondoo dume kwapani kama mtoto mchanga.

"Mama, huyu hapa mgeni wako. Ana adabu kuliko mimi."

"Hilo si gumu," Bibi akasema.

Kondoo amefungwa karibu na mlango. Baada ya chakula nilimfuata Baba uani, akimpa majani. Nikaanza kwa mbali.

"Baba, mtu akiapa halafu—"

"Umemwapia nani? Mvulana?" Akacheka sana. "Meklit wangu! Kimya kimya hivyo, kumbe!"

Uso ukaniwaka moto. Nikasema hapana, ni kitu cha kwenye kitabu. Akaendelea kumpapasa kondoo. Halafu, bila kunitazama, "Mama amekonda. Mashavu yameingia ndani."

Ndiyo hapo! Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeingia tu.

"Ni mfungo, Baba," nikasema.

Ni mimi niliyesema. Hakuna aliyeniambia niseme. Nimerudi ndani nikakaa nyuma ya pazia, magoti kidevuni. Nikisema, nimevunja kiapo cha msalaba na Bibi atapelekwa mbali. Nikinyamaza, atakufa nyumbani, mbele ya macho yangu, ndani ya ubani. Nimefikiria kila upande. Kila upande ni yeye ninayempoteza.

Jumamosi, 26 Tahsas

Shangazi Tsehay na binti yake Sosina wamefika. Mabegi kama wanahamia! Kilio, busu, kilio. Shangazi alipiga magoti mlangoni kumbusu Bibi magotini. Bibi alirudi nyuma haraka. "Inuka, inuka, utachafua nguo ya ndege."

Kisha Shangazi akasimama katikati ya chumba. Akanusa.



"Kuna kitu gani humu? Kama panya amekufa."

Nilitazama miguu yangu. Bibi akasema, wala hakupepesa jicho, "Ni kondoo wa Worku. Amekaa na Worku kwenye lori siku nzima, unategemea anukie nini?"

Wote wakaangua kicheko, Baba zaidi ya wote. Shangazi naye akacheka, lakini alichelewa kidogo. Yeye huwauguza wazee. Harufu anazijua. Nilimwona anatazama chetezo cha ubani, halafu Bibi, halafu simu ikalia.

Sosina analala nami. Ana miaka kumi na mitano, mimi kumi na sita, lakini anaongea kama watu watatu. Anauliza kila kitu. Kwa nini Bibi hataki keki? (Shangazi ameagiza keki kubwa mjini, yenye namba themanini juu.) Nikamwambia anachokataa si keki. Bibi alisema hivi: mishumaa ni ya kanisani, huwashwa ili iwake, na sasa wajukuu wake wanataka aipulize izimike mbele ya watu. "Mimi bado nipo, tayari mnanizimia taa?"

Sosina alicheka mpaka akauma mto. Kisha akaniuliza polepole, "Na wewe, mbona hucheki? Unaogopa nini?"

Nikamwambia nina usingizi.

Jumapili, 27 Tahsas

Leo mambo yamekuwa mabaya zaidi ya nilivyodhani yanaweza kuwa.

Shangazi aliniita nyuma ya nyumba. Macho yanang'aa. Alinionyesha sanduku la viatu. Vizuri kweli, vya kahawia, manyoya meupe ndani. Akaniambia mpango wake. Kesho kutwa, baada ya chakula, mbele ya wageni wote na Aba Fisseha, ataleta beseni na birika. Ataosha miguu ya mama yake kwa mikono yake, kama yeye na Baba walivyokuwa wakimwosha babu yao kila jioni akitoka shambani. Kisha atamvisha viatu.

"Miaka yote naosha miguu ya mama wa watu," alisema. Akaanza kulia. "Ya mama yangu sijaigusa. Unaelewa, Meklit?"

Naelewa! Ndiyo maana sikuweza kusema chochote. 

Nilimwambia Bibi. Siri ya Shangazi nimeitoa siku ile ile, na ile nyingine nimeibana. Nilidhani sasa itamlazimu kukubali kwenda hospitali leo leo, kimya kimya, Baba ampeleke. Nikamwomba. Nilipiga magoti. "Bibi, kidole kimekuwa cheusi. Nilichungulia ndani ya soksi jana ulipolala. Nakuomba."

Akaanza kukunja pindo la mtandio.

"Utaniosha wewe," akasema.

"Bibi?"

"Tsehay akileta beseni, wewe utainuka, useme ni zamu ya mjukuu. Hawatakukatalia, watashangaa tu kwamba umeongea. Utaosha wa kulia vizuri, utauvisha kiatu. Wa kushoto utamwagia maji juu ya soksi, kidogo, na nitasema nasikia baridi. Watu watapiga vigelegele. Basi."

"Na Shangazi?"

"Tsehay atakuwa analia. Mtu anayelia haoni mbali." Akanishika kidevu. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Siku ya Ubatizo nadhiri inaisha. Baada ya hapo nipelekeni popote. Niachieni Krismasi yangu nyumbani kwangu. Ni ombi kubwa?"

Nikasema si kubwa.

Jumatatu, 28 Tahsas

Mkesha. Nyumba imejaa. Majani mabichi yametandazwa sakafuni, mkate mkubwa umeshaokwa, vitunguu vimetutoa machozi sote hivyo hakuna aliyeuliza yangu ni ya nini.

Shangazi alikata kuku wa mchuzi, ambaye kwetu mke stadi humkata vipande kumi na viwili, akapata kumi na kimoja. Mama Alganesh akavihesabu mbele ya wanawake wote. "Cha kumi na mbili umekiacha Amerika, Tsehay? Bahati umeshaolewa!" Kicheko kikubwa. Kipande kilikuwa chini ya bakuli.

Bibi hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni, anatetemeka ndani ya blanketi mbili. Aliniita.

"Yeshi, niletee maji."

Yeshi alikuwa dada yake. Alifariki kabla mimi sijazaliwa.

Nilimpa maji. Nilimpa na ya pili. Nikasubiri aniite kwa jina langu. Hakuniita.

Watu wanajiandaa kwenda kanisani kwa ibada ya usiku. Nimesema nitabaki na Bibi. Shangazi amesema mtoto mwema huyu.

Jumanne, 29 Tahsas. Krismasi.

Naandika nikiwa hospitalini. Daftari nililiweka mfukoni mwa koti, sijui kwa nini. Nataka kuandika kwa mpangilio, la sivyo nitapiga mayowe.

Asubuhi Bibi aliamka akili zikiwa zimemrudia. Alinijua. Alivaa gauni jeupe lenye msalaba uliotariziwa, mtandio mpya, na soksi. Alipendeza sana! Wageni walianza kuingia saa tano. Walimbusu magoti mmoja mmoja na aliwabariki wote kwa majina. Kondoo, kuku, mayai, mikate laini ya injera, kila mtu anamlisha mwenzake tonge mdomoni. Alikula tonge moja la mkono wa Baba. La kwangu alilificha kwenye leso.

Keki ikaletwa. Sosina aliwasha mishumaa. Kila mtu akamtazama Bibi. Bibi akamtazama Aba Fisseha. Aba akasema kwa ile sauti yake, "Askale, mimi sijui sheria ya keki. Muulize Tsehay." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwishowe walikubaliana mishumaa iachwe iwake mpaka iishe yenyewe, na nta ikamwagikia namba yote ya themanini. Bibi alifurahi. Nadhani ndiyo mara ya mwisho niliyomwona anafurahi leo.

Kisha Shangazi akatoka, akarudi na beseni.

Alipiga magoti juu ya majani. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Mama Alganesh akaanza kigelegele. Bibi akanitazama.

Nikainuka. Sijawahi kuinuka mbele ya watu. Nikasema, "Shangazi, ni zamu ya mjukuu." Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Ikawa kama Bibi alivyosema, walishangaa. Baba akasema, "Huyu ni Meklit?" Wakapiga makofi. Shangazi akaniachia birika, akabaki pale pale pembeni yangu, ananishika bega.

Nikavua soksi ya kulia. Nikamimina maji ya uvuguvugu. Nikaosha unyayo, kisigino, kati ya vidole, taratibu. Mguu mdogo, mkavu, wenye nyufa. Mguu huu umepanda na kushuka kilima cha shule kunisubiri getini nilipokuwa darasa la kwanza. Nikaufuta. Nikauvisha kiatu. Kilimtosha sawasawa.

Vigelegele.

Nikageukia wa kushoto. Nikainua birika. Bibi akasema, kwa kila mtu kusikia, "Huo mwagia tu juu, mwanangu, nasikia baridi."

Soksi ilikuwa na doa la manjano kwenye kidole. Nilikuwa karibu kuliko wote, ubani haukufika pale chini. Nikaisikia harufu, na nikafahamu, waziwazi kama nimesoma ubaoni, kwamba nikimwaga maji haya nitakuwa nimeosha maiti.

Niliweka birika chini. Nikashika soksi kwa mikono miwili.

"Meklit," Bibi akasema. Kwa jina langu.

Nikaivua.

Iling'ang'ania, ikatoka na ngozi. Sitaandika nilichokiona. Wote walikiona. Shangazi alitoa sauti ambayo si neno. Mtu alikimbilia nje. Nikasikia kinywa changu kikisema, kwa nguvu, kama si changu: "Hamezi dawa. Tangu mfungo uanze hamezi dawa. Ameweka nadhiri ya maji. Nilijua. Nilijua siku zote!"

Mama Alganesh akapiga kifua. "Mtoto, umemvunjia nadhiri! Kwenye Krismasi!"

Aba Fisseha aliinuka. Niliinamisha kichwa nikisubiri ngurumo. Akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, padri, mbele ya beseni. Akautazama mguu. Akasema polepole mpaka nikashangaa anaweza, "Askale. Nani alikuambia maji ya Mariamu yanagombana na dawa? Mimi nilikuambia hivyo?"

Mama Alganesh akainamisha macho.

Bibi alikuwa anavuta mtandio kufunika mguu, anavuta, anavuta, na mtandio haufiki. Hakunitazama.

Baba alimbeba mpaka kwenye lori. Shangazi alipanda naye. Mimi na Aba tulikaa nyuma, Aba ameshika msalaba wake kwa mkono mmoja na kwa mwingine ananishika mimi nisianguke.

Hapa hospitalini wamempima. Sukari imepanda mpaka mashine imeshindwa kuisoma. Daktari ni kijana, kaitwa kutoka kwenye sikukuu yake. Kidole hakina tumaini. Mguu wataamua kesho, wakimkuta hai kesho. Neno hilo alilisema na kulimeza, lakini nililisikia. Achomwe insulini sasa hivi, na dawa za kidonda, na maji ya mshipa.

Bibi amekataa.

Ameficha mikono yake miwili chini ya blanketi na kufumba midomo. Aba amemwambia, "Nimekufungua nadhiri, naibeba mimi." Akajibu, "Sikuiweka kwako, Aba." Baba ameomba, amelia. Shangazi ameapa mbele ya Aba kwamba hatampeleka Amerika, hata kwa kumtembeza. Bibi ametazama ukuta. Daktari amesema yuko na akili zake, hawezi kumchoma kwa nguvu. Akizimia ndipo ataweza, na akizimia huenda itakuwa tumechelewa.

Tumekaa kwenye benchi. Shangazi amekumbatia sanduku lenye kiatu kimoja. Hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Ameniambia tu, "Alikuwa na wewe, na mimi sikuwepo." Sijui kama ni shukrani au lawama.

Muuguzi ametoka. Amesema, "Nani Meklit? Anamtaka peke yake."

(Baadaye. Bado ni leo.)

Nilivua viatu mlangoni, kama tunavyovua kanisani. Sakafu ilikuwa baridi. Nikaenda mpaka kitandani, nikasimama. Alikuwa amegeukia ukutani. Nilidhani amelala.

"Waliona wote?" akauliza.

"Wote, Bibi."

"Na Alganesh?"

"Na yeye."

Akavuta pumzi. Midomo imemkauka mpaka imepasuka. "Ulinivua kwa hasira?"

"Hapana."

"Kwa nini, basi? Uliapa."

Nilikuwa na majibu. Kongosho, mishipa ya fahamu, yote ninayajua kwa moyo. Nikasema lililokuwepo.

"Kwa woga, Bibi. Niliogopa kubaki bila wewe."

Nje, barabarani, watu walikuwa wanaimba nyimbo za Krismasi. Alibaki ameutazama ukuta, nami nilisimama, sijui kwa muda gani, miguu ikafa ganzi. Kisha blanketi likasogea. Mkono wake wa kulia ukatoka, ukalala juu ya shuka, kiganja juu. Uso hakuugeuza. Hakusema ndiyo.

Nikaukunja mkono wa gauni lake mpaka juu ya kiwiko. Kisha nikaenda mlangoni nikamwita muuguzi, kwa sauti kubwa.